Idi Pili, Uwanja wa Makadara

Baba yao ana zamu Kilindini;
meli haijui kama ni Idi.
Basi tumekuja bila yeye:
Shemsa mgongoni, miezi saba, meno mawili,
Twaha mkononi, miaka minne na robo
(hiyo robo ni yake, usimnyime).
"Wangapi?" akauliza mwenye tikiti.
"Wawili," nikasema.
"Na wewe je? Wewe si mtu?"

Begani mfuko wa nyumba nzima:
chupa ya uji, nepi nne,
suruali ya akiba, biskuti zilizokwisha vunjika.
Pesa za Idi za Twaha, alizopewa na mamake mkubwa wa Kibokoni,
nimezifunga fundo kwenye ncha ya leso.
Leso yenyewe imeandikwa:
*Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.*
Nimeivaa mwaka mzima sijaisoma.
Leo mgongo unaisoma neno kwa neno:
usufi wa kilo nane,
unaotoa jasho, unaovuta nywele.

Kwanza kasri la mpira.
"Vua viatu." Akavua makubadhi mapya,
akanitupia bila kugeuka,
akazama na kanzu yake kwenye rundo la watoto.
Nikaona mguu. Si wake.
Nikaona mguu mwingine.

"Mama, mkojo."
Sasa hivi, si baadaye.
Choo kina foleni mpaka kwa muuza mabuyu.
Mimi mwenyewe nimebanwa tangu adhuhuri,
lakini mimi si mtoto. Mimi hungoja.

Halafu gurudumu kubwa, lile alilolitaja
tangu Ramadhani kumi, kila usiku, kabla ya kulala.
Kibao kinasema: chini ya miaka mitano, na mzazi.
Mtoto wa kubebwa haruhusiwi.
Nikakisoma mara mbili
kama mtu anayetafuta mlango ukutani.
"Nipe huyo mdogo nikushikie,"
akasema dada muuza kachiri, "dakika tatu tu."
Hina safi, uso wa mtu mwema.
Wallahi nilimwamini.
Mikono yangu ndiyo iliyokataa.

Twaha alilia kilio cha matanga.
Wapitao wakatutazama,
mmoja kwa huruma,
mwingine kama asomaye gazeti la jirani.

Kwenye farasi wa bati,
kijana anayewazungusha kwa nguvu za mikono
akampima kwa jicho: "Huyu aweza peke yake."
Nikafungua fundo kwa meno.

Upande wa mbele namwona.
Upande wa nyuma jenereta na turubali vinammeza.
Nahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano.
Ndani ya hizo tano hupita kila nililowahi kusikia:
kisima kisicho kifuniko,
gari linalorudi nyuma,
mkono wa mtu asiye na jina.
Halafu kofia yake yazuka,
na Shemsa, kidevu kwenye shingo yangu,
hucheka kana kwamba kaka yake
ameumbwa sasa hivi.

Mzunguko wa kwanza alishika kwa mikono miwili.
Wa pili aliniita.
Wa tatu alinipungia.
Wa nne hakunitazama kabisa;
alikuwa amemwinamia farasi sikioni,
anamwambia jambo lao wawili.
Nikabaki na mkono wangu juu,
nikaushusha polepole, nikajikuna shavu,
nisionekane.

Jioni, tuktuk ilipovuka Makupa,
Shemsa amelala, mdomo wazi, ziwa halijamtoka.
Twaha, midomo myekundu kwa mabuyu,
akaniuliza kama mtu mzima anayemjulia hali mgeni:
"Mama, na wewe ulipanda nini?"

Nikafikiri.
"Mimi nilishika viatu."

Akatikisa kichwa, akaridhika.
Nikatia mkono mfukoni, chini ya nepi, chini ya suruali,
chini ya unga wa biskuti.

Kimoja.