Nambari 214

Karani Imbuga anapangusa daftari kwa kiwiko.
"Mwaka gani?" Sijui.
Baba alisema tu alizaliwa nzige walipokuja.

Mvua ya Chavakali inapiga bati, hatusikizani.
Kidole chake kinashuka: jina, kijiji,
ada iliyolipwa kwa kuku, kwa debe la wimbi,
mmoja *mtoro*, mmoja *amefariki, surua*,

214. Asava wa Kisia.
Aliyemleta: dada yake.

Dada?
Tulimzika Baba akiwa mtoto wa pekee.

Imbuga hasemi kitu. Anarudi nyuma kurasa sita, saba.
131. Mmbone binti Kisia. Darasa la pili.
Mstari umepita juu ya jina, wa rula, umenyooka,
na pembeni, kwa wino wa siku ile ya Baba:
*Ada yake apewe mdogo wake.*

Basi. Ukurasa hausemi alikwenda wapi.

Utotoni niliuliza nimerithi jina la nani.
"La mtu," alisema Baba, "aliyejua kuandika,"
akaenda kufunga ng'ombe.

Mlangoni natia sahihi kwenye daftari la wageni.
Imbuga analisoma jina langu,
kisha analisoma tena.