Mizani Isiyo na Ndoano

Mama aliuliza huku akimwaga ndengu kwenye sahani ya bati,
kibanda cha arobaini na moja, Marikiti:
"Huo mwezi wenu mnautundika wapi
ndipo mjue kilo zake?"

Mizani yake ina ndoano na msumari,
ina mshale unaotetemeka kabla ya kusema kweli.
Mimi sina ndoano.
Nina chumba Chiromo, ghorofa ya pili,
dirisha lisilofungika sawasawa,
na safu za tarakimu za setilaiti mbili
zilizojigonga mlimani kule kule mwezini
nikiwa kidato cha pili.
Zimekufa. Nasoma nyayo.

Zilifuatana, mama, moja mbele, moja nyuma,
zikiulizana kwa redio usiku na mchana: uko wapi? uko wapi?
Ya mbele ikikaribia uzito uliofukiwa
huvutwa kwanza, pengo likapanuka.
Ikishapita hurudishwa nyuma kidogo,
na sasa mwenzake ndiye anayekimbilia,
pengo likajifunga.
Kiasi gani? Pungufu ya chembe ya damu.
Ndiyo tunayochorea ramani.

Akacheka. "Mizani kali hivyo
ingenifilisi kabla ya saa sita."

Kule juu kuna mabonde yanaitwa bahari, hayana tone la maji.
Ukiyatazama kutoka Ngara ni madoa, ni sungura,
bapa kama sinia.
Lakini chini kuna kitu kizito
kinachoyumbisha kila setilaiti ipitayo.
Uso umenyamaza. Njia ndiyo inayopinda.

Sikumwambia nilikojifunza haya.

Jumapili, tukitoka kanisani Shauri Moyo,
mama mdogo Kavata hutangulia, mama hufuata,
mimi nyuma na viatu vyao vya visigino mkobani.
Hatua tatu baina yao, siku zote tatu.
Tukikaribia lango la hospitali ya Pumwani
Kavata huongeza mwendo: nne, sita, tisa.
Halafu husimama ng'ambo,
akijifanya anatoa kijiwe kwenye ndala,
na mama, bila kugeuza shingo,
hupita pale mbio kama aliyeitwa.
Hatua tatu tena. Wanarudi kwenye bei ya vitunguu.

Nahesabu tangu nikiwa na miaka saba.
Grafu ninayo. Jina sina.

Usiku huu stima imepotea kutoka Parklands hadi mtoni,
kompyuta inapumulia betri.
Nimefika ule upande usiotugeukia kamwe,
ambako zamani, chombo kikiwa peke yake,
redio ilikatika,
dakika arobaini na kitu za ukimya,
na waliosubiri hawakuwa na la kufanya
ila kukipima kilivyochomoza upande wa pili:
kimechelewa? kimepinda? kimerudi na kasi gani?

Simu inatetemeka mezani. Ni mama.
"Umekula?"
"Nimekula."
Kisha mvua, kisha kanjo, kisha gunia limepanda tena.
Kisha, kabla hajakata, pengo,
refu kidogo kuliko la jana.

Naliandika pembeni mwa daftari,
pamoja na saa.