Uzamivu

Haluwa, jirani yetu wa Maweni,
kamleta mtoto mwenye upele mpaka barazani.
"Daktari kaja," anasema,
nami vumbi la safari lingali kwenye nyusi.

Namwambia: dada, mimi si daktari wa watu.
Mwaka wa tano huu nasoma
jinsi muhogo unavyobeba sumu bila kujiua.
Anamtazama mama. Mama anatazama sufuria.

Barua ya kujiunga ilisomeka kirahisi:
kozi nane, alama zisishuke chini ya sabini,
kisha kuzungushwa maabara tatu, wiki kumi kila moja,
kama mchumba anayetembezwa nyumba za wakwe
kabla hajajua ataolewa wapi.
Ya kwanza nilivunja chupa, bei yake wakaibandika ukutani.
Ya pili hawasemi na mtu kabla ya saa nne.
Ya tatu nilimkuta Profesa Kwamboka, miwani kichwani, akiitafuta.
"Kwenu mnakula nini?"
Muhogo.
"Basi anzia hapo."

Ndani ya chembe ya jani
sumu imefungwa kwenye sukari, imelala chumba chake;
kimeng'enya kinakaa chumba kingine,
wake wenza wasiosalimiana.
Jino likivunja ukuta, wanakutana.
Hilo tu. Miaka mitano, hilo tu:
nani alijenga ukuta, na kwa nini muhogo wa Goshi
ukuta wake mwembamba kuliko wa Gede.

Mtihani wa kufuzu: watu wanne, ubao mmoja, saa tatu.
"Chora safari ya sukari
tangu mdomoni mpaka hewa itokayo puani."
Chaki ikakatika hatua ya saba.
"Na hapo nishati inakwenda wapi?"
Nilinyamaza muda ambao Kahindi, binamu yangu wa Mayungu,
hushuka, humchomoa kamba koche pangoni, akaibuka.
Nikasema: sijui.
Mmoja akaandika kitu.
Nilipita. Wenzangu wawili hawakupita,
na alichoandika yule sijakijua hata leo.

Kahindi aliniuliza siku moja, anakausha masikio:
"Wanaiita uzamivu. Sisi tukizama, hesabu ni pumzi moja.
Wewe umevuta ngapi?"

Kitabu cha kanuni kina kurasa sitini na mbili.
Kinajua upana wa pambizo, rangi ya jalada,
mihula miwili ya kufundisha wa mwaka wa kwanza
kushika pipeti bila kutetemeka,
semina kila Alhamisi, makala mbili zilizokubaliwa,
kamati ikutane mara moja kwa mwaka, chai ipo.
Stima ilipokatika Jumamosi ile,
jokofu la nyuzi themanini chini ya sufuri
likalia peke yake mpaka Jumatatu.
Sampuli mia mbili na kumi. Majani ya misimu miwili.
Nilifungua mlango, maji yakanigusa viatu.
Nilikisoma kitabu chote usiku ule.
Hakuna ukurasa.

Nikarudi Goshi na jembe la kuazima.

Sasa zimebaki sura mbili na siku ya utetezi.
Makala moja imekubaliwa; ya pili
mhakiki wa tatu anataka jaribio jingine,
na mhakiki wa tatu, kama mavyaa, hana jina, ana sauti tu.

Haluwa ameinuka, anakwenda duka la dawa.
"Ukimaliza tuite," anacheka,
"daktari wa mizizi tunaye, wa muhogo hatuna."
Nacheka pia. Inauma kidogo, si sana.

Mama ananisukumia kikunio.
Nakuna. Ukuta unavunjika chini ya vidole vyangu,
wenza wanakutana, harufu chungu inapanda,
ile niliyoitaja kwa jina refu mbele ya watu wanne.
Mama, bila kunitazama,
anafungua dirisha.