Kinga juu ya Kinga

Huku Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga,
na sijui nani alitufanyia mzaha huo,
maana mvua ya Desemba ikishuka njia ya Ruashi
kinga haikingi kitu.
Inakurushia tope mgongoni kutoka gurudumu la nyuma,
mstari mmoja mnyoofu, kama mshono wa mwanafunzi hodari.

Baba alikuwa na dawa yake: mfuko wa mbolea,
tundu la kichwa, mawili ya mikono,
na nyuma yake magunia matatu ya makala.
Mvua haikumpata, jasho likampata.
"Maji ya nje, maji ya ndani," alisema, "yote yangu."

Mimi nashona. Kapu langu limejaa nguo za watu,
zimefungwa kwa plastiki, fundo juu ya fundo.
Mwaka jana satini ya Mama Kaseya ilifika Kamalondo kavu.
Nilipomkabidhi ndipo mkono wangu ulipodondosha:
matone matatu, kifuani, mbele ya wakwe.
Miezi miwili nililipa satini ile.

Basi Jumamosi, soko la Kenya, balo limefunguliwa,
Kapend anapiga makofi juu ya rundo.
Koti la kwanza zito, hata likiwa kavu linalemea.
La pili jembamba kama ganda la kitunguu,
lakini nikiinama kama niliyeshika usukani
kiuno chote kinabaki mikononi mwa Mungu.
La tatu zuri, jeusi.
Lori la shaba halioni cheusi saa kumi na mbili jioni.

La nne lilikuwa chini kabisa, rangi ya ndimu iliyoiva.
Mgongo mrefu, mkia wa jogoo.
Nikaligeuza ndani nje, maana nguo huongopa kwa nje:
kila mshono umebandikwa utepe, mkono wa mtu mwenye subira.
Nikaweka mdomo kwenye kitambaa, nikapuliza.
Pumzi ikarudi usoni kwangu.
Kisha nikalisukuma ndani ya mfuko wake mwenyewe,
likajimeza, mikono, kofia, zipu,
likabaki ngumi moja ya mtoto.
Uzito wa mayai mawili. Linakaa chini ya tandiko
bila kuomba nafasi kwa nguo za wenyewe.

"Elfu ishirini, mama."
"Kapend, hapa kifuani palikuwa na nembo. Imetolewa.
Hesabu: matundu tisa."
"Matundu gani? Hata mbu hapiti!"
"Mvua si mbu."
Tukamaliza kwa kumi na tatu.

Usiku, kibatari, njiti ya kiberiti,
na gundi ileile ya kuzibia pancha.
Tone kwa kila tundu.
Miaka kumi na tisa natoboa nguo za mji huu;
usiku ule niliziba, na nilikuwa mzembe kidogo, usingizi.

Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema.
Kwetu ni harufu: vumbi jekundu linanuka kabla halijalowa.
Jumanne lilinuka nikiwa sijafika nusu ya njia.
Nikasimama kando ya kichuguu, nikavuta ile ngumi,
na kabla sijafika ishirini kuhesabu nilikuwa ndani.
Likaanza kupigapiga kofiani kama cherehani jirani.
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo,
walisema hivyo wenye kuni kavu.
Mimi nilitaka tu kinga juu ya kinga,
na miguu iendelee.

Tundu la saba liliniasi.
Tone la baridi, saizi ya kifungo cha shati, likatambaa tumboni.
Nikacheka peke yangu katikati ya barabara.
Yote yangu.

Mlangoni kwa mteja nikalivua, nikalikung'uta mara mbili,
nikapangusa mikono kwenye sketi kavu.
Ndipo nikafungua fundo la kwanza.