Pengo Kwenye Kibao

Mimi ndiye niliyeliandika, miaka tisa iliyopita,
kwa rangi nyekundu iliyosalia kazi ya kanisa:
CHAI TAMU KWA RASOA.
Alinilipa mia mbili na mandazi manne.

Jumanne ikaja barua ya wakili, muhuri wa buluu,
kwamba Tamu ni mali ya kampuni,
limesajiliwa, lina namba,
na Rasoa amepewa siku kumi na nne.

Akaniita. Nikapanda stuli na brashi ileile.
"Futa polepole," akasema,
"usiguse jina langu, hilo bado halijanunuliwa."

Nyuma yetu trekta la miwa likapita likiyumba,
likadondosha mitatu kwenye tuta la Shianda.
Watoto wa shule wakaigombea,
wakaimenya kwa meno,
maji yakiwachuruzika hadi viwikoni.
Hakuna aliyeomba kibali.

Sasa kimebaki CHAI, kisha weupe, kisha KWA RASOA,
kama kinywa kilichong'olewa jino la mbele.
Jana dereva mgeni akauliza,
"Mama, chai yako ikoje?"
Rasoa akanitazama, akaitazama barabara,
akaongeza kijiko cha sukari.
"Kunywa," akamwambia. "Utajisemea mwenyewe."