Mwangwi wa Mara Mbili

Saa kumi na mbili na robo alfajiri
setilaiti ilipita juu ya Tewkesbury
bila kubisha hodi.
Wingu lilikuwa zito, limelalia mapaa
kama blanketi bichi la hospitali.
Halikuizuia. Macho hayana pazia,
na haya ya rada hayaombi hata jua:
hupiga ukelele usiosikika,
kisha hutega sikio,
na chochote kinachorudi hukiita dunia.

Maji matulivu hayarudishi kitu.
Ukelele huteleza juu yake, ukaenda zake,
kama salamu kwa mtu aliyenuna.
Ndiyo maana kwenye kioo changu
mto Severn ni mweusi, Avon mweusi vilevile,
na pale inapokutana weusi umevimba,
umemeza uwanja wa kriketi, kambi ya karavani,
nusu ya barabara ya kwenda Gloucester.
Abasia imebaki, kidoa cheupe,
jino moja kinywani mwa kikongwe.

Kazi yangu ni nyepesi kuieleza:
cheusi, maji; king'aacho, nchi kavu.
Nikachora mpaka wa samawati, nikaandika saa,
nikawatumia watu wa uokoaji,
nikapasha chai.

Saa tatu simu ikalia.
"Naitwa Pardoe. Gwilym Pardoe, wa mipeasi.
Ramani yako inasema mimi mkavu."
Kimya. Upande wake kitu kiligonga ukuta,
polepole, kikapumzika, kikagonga tena,
kama mgeni asiye na haraka.
"Hiyo unayoisikia ni friji," akasema.
"Inaelea."

Nikarudi kwenye picha. Shamba lake
liling'aa. Liling'aa kuliko mji mzima.

Nilipaswa kujua. Nimewafundisha watoto wa watu
jambo hili hili, kwa chaki na kwa mikono:
wimbi likishuka kwenye miti iliyosimama majini
hugonga maji, huruka, hugonga shina,
hurudi juu na nguvu za wawili.
Mafuriko yenye miti hung'aa kama arusi.
Nilijua.
Lakini kompyuta ilisema kavu,
na mimi nilikuwa na chai mkononi.

Mchana nikaenda, miguu ndani ya buti za kuazima,
katika mashua ya mpira
ya binti mmoja wa zimamoto, Tamsin,
ambaye hakuniuliza nimefuata nini.
Mipeasi mia moja na arobaini,
Februari, haina hata jani,
kila mmoja umeshikana nyayo
na pacha wake aliyepinduka.
Pardoe alikuwa dirisha la juu,
paka wake ndani ya kapu la nguo.

"Wewe ndiye wa ramani?"
"Ndimi."
"Ulikuwa unatuona? Toka huko?"
"Kilomita mia saba."
Akatazama juu, akatazama maji,
akamkuna paka kichwa.
"Basi ungeshuka kidogo."

Wahenga walisema
asiyekuwapo na lake halipo.
Hawakusema neno juu ya aliyekuwapo,
akaonekana,
aking'aa kuliko majirani zake wote,
na bado lake halikuwapo.

Usiku niliufuta ule mpaka.
Nikauchora upya kwa mkono, shina kwa shina,
hadi ukuta wa jikoni, hadi ngazi ya nne
(alinionyesha alama, tope jembamba
lililonyooka kuliko mstari wangu wowote).
Baada ya siku sita itapita tena,
saa ile ile, haina hodi, haina chuki,
itapiga ukelele na kusikiliza.

Kuna safu mwishoni mwa jedwali
tunapoandika chanzo: jina la kihisi,
nambari ya mzingo, pembe ya kutazamia.
Nilikaa mbele yake kitambo.
Kisha nikaandika:
Pardoe, dirisha la juu.