Kivuli Hakitaki Nyasi

Miaka kumi na tisa baba mkwe alipanda nyasi
chini ya mwaloni ule, nyuma ya nyumba,
na kila mwaka nyasi zikafa kwa adabu:
Mei kijani, Julai manjano, Septemba vumbi.
Akalaumu duka. Akanunua mbegu nyingine.
Mwisho akazikwa yeye, si ubishi wake:
mfuko wa mbegu, nusu, ungali unaning'inia bandani.

Orpha Tackett, mama mkwe, hakulia mbele yetu.
Alishika reki akaikwangua ile ardhi hadi ikawa uchi.
"Kivuli hakitaki nyasi," akasema.
"Kimekataa kwa kila lugha. Sasa tukiulize kinataka nini."

Mimi ni dereva wa tingatinga.
Kampuni ilinipa ramani, na kwenye ramani
Bonde la Skaggs lilikuwa mstari mwekundu tu,
barabara ya njia nne, kuanzia Jumatatu.
Nililitaja mezani, nikipokea bakuli la maharage.
Orpha akaweka kijiko chini.
"Nipe Jumamosi."
Tangu nilipomwoa Nadine hakuwahi kuniomba kitu,
hata maji ya kunywa.

Ilikuwa Aprili, mialoni ya Kentucky bado mitupu,
jua likifika chini kwa wiki zile chache
kabla majani ya juu hayajafunga mlango.
"Vua buti," aliniambia. "Hapo unakanyaga watoto."

Akanionyesha mzizi-damu: jani moja limejikunja
kulizunguka ua jeupe, kama taulo
kwa mtu aliyetoka kuoga kwenye baridi.
Jembe langu likaukata mmoja. Damu kweli.
Ilikaa kiganjani hadi Jumatano.
Tangawizi-mwitu, maua yake rangi ya ini
yamelala udongoni, chini ya majani, hayaonekani.
"Huyu hapambi kwa ajili yetu. Ana wageni wake."
Na yule mhubiri wa kijani, wima katika mimbari ya mistari,
ambaye akishiba huwa jike, akikonda hurudi kuwa dume:
tulicheka pale, mtu na mkwewe, tukasahau heshima.

Kisha utatu. Majani matatu, petali tatu,
na miaka saba toka mbegu hadi ua la kwanza.
Nilipiga hesabu kimya. Ana sabini na sita.
Akaiona hesabu usoni pangu.
"Usinihesabie. Chimba.
Kaa mbali na shina, beba na udongo wake;
anayehamishwa ahame na kitanda chake."

Tulijaza pikapu mara nne:
ndoo za rangi, makarai, beseni
tulilomwogeshea mwanetu wa kwanza,
magunia yaliyoloweshwa juu yake.
Hatukupata hata robo.

Jumatatu nilipanda tingatinga.
Jumatatu sitaieleza.

Huu ni mwaka wa tano. Watu hulipita bonde
kwa dakika tatu, vioo vimefungwa.
Chini ya mwaloni kangaga hubaki kijani
hata theluji ikizilalia.
Na ua limeruka ua: mzizi-damu
umechanua kwa jirani, Lowell Fugate,
mbele kabisa ya mashine yake ya kukata nyasi.
Aliizima. Akaja kuuliza unauzwa wapi.
"Waulize sisimizi," Orpha akamjibu,
"wao hula mafuta ya mbegu, wakaitupa watakako."
Hawakuwa wamesemeshana tangu ile kesi ya mpaka.

Mimi ninacho kimoja changu, pembeni, karibu na banda.
Hakuna aliyekipanda. Jani moja tu, dogo kama ukucha,
bado halijafikia kuwa matatu.
Jumamosi huvua buti mlangoni pa uzio,
nachuchumaa, naliangalia.
Orpha huacha kahawa kwenye ngazi
na haniulizi nimefuata nini.